Chanjo Ni Bure, Nauli Je? Namna ya Kuipangia Pesa Kliniki ya Mtoto

Hebu jiulize: mtoto wako akifikisha miezi 18, ni nani pale nyumbani anayekumbuka kwamba kuna sindano inamsubiri?

Zile za mwanzo hakuna anayezisahau. Mtoto bado mchanga, mama yuko nyumbani, nyanya amekuja kusaidia, na kila jirani anayepita anauliza kama mtoto amepelekwa kliniki. Kufikia mwaka mmoja na nusu mambo yamebadilika. Mtoto anakimbia na kuvunja vikombe, mama amerudi kwa biashara yake, kitabu cha kliniki kiko chini ya godoro, na hakuna tena anayeuliza. Hapo ndipo safari nyingi za kliniki hukatikia.

Sisi kazi yetu ni pesa za simu, udaktari tunawaachia wenyewe. Lakini wateja wengi hutuuliza namna ya kuweka pesa za hospitali, na wengi wao huwa wanafikiria ugonjwa: mtoto akilazwa, akihitaji dawa, akivunjika mkono. Ni wachache wanaouliza kuhusu pesa za kumzuia mtoto asiugue. Pengine ni kwa sababu sote tumeambiwa chanjo ni bure, na kitu cha bure nani hukipangia bajeti?

Kilicho bure na kisicho bure

Mpango wa kitaifa wa chanjo ulianza mwaka 1980, na chanjo zilizo kwenye ratiba yake hazilipiwi katika vituo vya umma. Ukienda kliniki ya kibinafsi unaweza kutozwa ada ya huduma, kwa hivyo uliza kabla mtoto hajavuliwa nguo.

Tena tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, matibabu katika zahanati na vituo vya afya, yaani vile vya ngazi ya 2 na ya 3, hugharamiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Kwa hizo si lazima uwe umelipa mchango wako. Unachotakiwa ni kuwa umejiandikisha tu, na kujiandikisha ni kwa kupiga *147# bila kulipa ada yoyote. Mchango wenyewe, ambao kwa asiye na mshahara hauwezi kuwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi, ndio unaofungua milango ya hospitali kubwa. Watu wengi huchanganya haya mawili, wakakaa nyumbani na mtoto anayekohoa ati kwa sababu hawajamaliza kulipa SHA. Zahanati haikudai hiyo.

Sasa tuje kwa upande ambao haujaandikwa kwenye ukuta wa zahanati. Tuchukue mfano wa mama anayeuza mboga. Kituo kiko mbali kidogo, boda ni bob 100 kwenda na 100 kurudi. Akifika saa mbili asubuhi atatoka kama saa sita, na asubuhi hiyo sokoni angepata faida ya shilingi 400. Kwa hiyo sindano ya bure imemtoa 600. Hesabu ni ya mfano tu, weka nambari zako mwenyewe, lakini usiandike sufuri.

Kuanzia wiki ya 6 hadi miezi 18 kuna safari 7 ambazo si za kukosa: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 6, wa 9, wa 12 na wa 18. Saba mara 600 ni shilingi 4,200. Ukiigawanya kwa wiki 78 zilizo ndani ya miezi hiyo 18, unapata kama shilingi 54 kwa wiki. Nafuu, sivyo?

Hesabu hiyo inadanganya kidogo, na inafaa tuivunje. Safari 3 za kwanza zimebanana ndani ya wiki 14 tu, wakati ambao mama huenda hana hata shilingi anayoingiza. Hizo peke yake ni 1,800, karibu shilingi 130 kwa kila wiki, na bado kuna sabuni, nepi, na wageni wa kuja kumwona mtoto. Kama utaanza kuweka shilingi 100 kwa wiki miezi mitatu kabla ya kujifungua, utaingia wadi ya uzazi ukiwa na kama 1,200 ya kliniki tayari. Iliyobaki, 600, si ya kukunyima usingizi.

Halafu angalia upande wa pili. Kutoka mwezi wa 12 hadi wa 18 kuna wiki 26 za kukusanya pesa za safari moja tu. Ni bob 23 kwa wiki. Pesa ya mandazi! Hiyo ndiyo safari iliyo rahisi kuliko zote kuilipia, na ndiyo hiyo hiyo watu wengi hawaifiki. Kila mwaka takwimu za nchi huonyesha kwamba watoto wanaopata sindano ya pili ya surua ni wachache sana kuliko waliopata ya kwanza. Kwa hivyo ukweli ni kwamba kuna mahali pesa ndiyo shida, na kuna mahali kukumbuka ndiko shida. Mpango mzuri unashika yote mawili.

Jambo waliloligundua Siaya

Kuna utafiti mmoja tunaoupenda, kwa sababu ulifanyika hapa nyumbani na ulitumia pesa za simu zenyewe. Ulifanywa vijijini Gem, Kaunti ya Siaya, ukaanza kuandikisha watu Oktoba 2013, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet Global Health. Watafiti waligawanya vijiji 152 katika makundi manne. Kundi la kwanza halikupata chochote. La pili lilitumiwa SMS za kukumbusha siku ya kliniki. La tatu lilipata SMS, na kila mara mtoto alipochanjwa kwa wakati mama akatumiwa shilingi 75 kwa simu. La nne lilipata SMS na shilingi 200.

Kufikia umri wa mwaka mmoja, watoto waliokuwa wamekamilisha chanjo zao katika kundi lisilopata kitu walikuwa asilimia 82. Wa SMS peke yake, 86. Wa SMS na shilingi 75, vilevile 86. Wa SMS na shilingi 200, asilimia 90. Watafiti walipochambua wakasema ni kundi la 200 tu ambalo tofauti yake ingeweza kuaminika. Zile nyingine zingeweza kuwa bahati tu.

Kila mtu anasoma matokeo haya kwa namna yake. Sisi tunayasoma hivi: shilingi 75 haikutosha kumvuta mtu kutoka shambani, na 200, kwa bei za miaka ile, ilikaribia kugharamia safari na muda. Tena tazama vile SMS ilivyofanya ikiwa peke yake. Ujumbe ukikukumbusha siku ya kliniki na mfukoni huna nauli, umekukumbusha tu kwamba huna nauli.

Wewe hakuna mtafiti atakayekutumia 200. Lakini unaweza kuiga mpango wao ndani ya familia yako, na hapa ndipo simu inapofaa kweli.

Kwanza, tenga pesa za kliniki mahali pake. Pesa zikikaa kwenye salio la kawaida zitaliwa na umeme, na unga, na rafiki aliyekwama stendi. Fungua akiba ndani ya pochi yako ya simu, uipe jina la mtoto, na kama huduma yako inakuruhusu uifunge hadi tarehe fulani, ifunge hadi siku moja kabla ya kliniki. Iite kwa jina lake kabisa, “Kliniki ya Achieng” au “Kliniki ya Baraka”. Mtu huona haya kukopa kutoka kwa mtoto wake.

Pili, kama wewe ndiwe unayetafuta pesa mjini na familia iko nyumbani, usichanganye nauli ya kliniki na pesa za matumizi. Baba yuko Nairobi, mama yuko Ugunja au Mwingi. Baba anatuma 3,000 mwisho wa mwezi, na kufikia tarehe 12 siku ya kliniki ikifika hakuna kitu. Bora atume 2,400 za nyumba, na ile 600 aitume jioni ya kuamkia kliniki. Hapo amefanya mambo mawili kwa mpigo: ametuma nauli na amekumbusha. Angalia tu ada ya kutuma kabla hujagawanya, maana kutuma mara nyingi kiasi kidogo kidogo kunaweza kukula faida yote.

Tatu, kama mko kwenye chama, ongezeni kapu dogo la kliniki. Kwenye vyama vingi wanawake wana watoto wa umri unaokaribiana. Mmoja akipeleka mtoto wake, anajua pia tarehe ya mwenzake. Huo ni ukumbusho ambao hauhitaji hata simu.

Tarehe za kuweka kwenye simu

Fungua kalenda ya simu yako sasa hivi, uwe na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto karibu. Tutapita haraka.

Akizaliwa, kabla hajatoka hospitalini, hupata BCG ya kifua kikuu na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni zile safari tatu zilizobanana: matone ya polio, chanjo ya kuzuia nimonia, ya kuzuia kuhara kunakoletwa na virusi vya rota, na ile sindano moja inayobeba kinga tano, yaani dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib. Wiki ya 14 huongezwa sindano ya polio juu ya matone. Usishtuke mtoto akidungwa zaidi ya mara moja siku hiyo hiyo. Ndivyo ilivyopangwa, na inakuokolea nauli.

Mwezi wa 6 ni vitamini A. Kwa wanaoishi maeneo ya malaria upande wa Ziwa na magharibi, hapo pia ndipo chanjo ya malaria huanzia. Kenya iliizindua Homa Bay mnamo 13 Septemba 2019, na hutolewa mara nne: mwezi wa 6, wa 7, wa 9, na wa 24. Ile ya nne, mtoto akiwa na miaka miwili kamili, ni ndugu wa ile ya miezi 18 kwa kusahaulika. Iandike leo.

Mwezi wa 9 ni surua na rubela, ya kwanza. Kaunti chache zenye hatari ya homa ya manjano huongeza chanjo yake hapo. Chanjo ya homa ya matumbo, ambayo wengi tunaiita taifodi, nayo iliingia nchini kwa kampeni ya Julai 2025, kwa hivyo muulize nesi kama mtoto wako aliipata. Mwezi wa 12 ni vitamini A tena na dawa ya minyoo, na hizo mbili zinaendelea kila baada ya miezi sita hadi mtoto atimize miaka mitano. Halafu mwezi wa 18, surua na rubela ya pili.

Mbona ya pili, na ya kwanza alipata? Swali hili tunalisikia sana. Ya pili si ya kuongeza nguvu tu. Kati ya watoto 100 wanaodungwa ile ya kwanza, karibu 15 miili yao haijengi kinga, na hakuna njia ya kuwatambua kwa kuwaangalia. Wako wazima, wanacheza, kitabu kinasema wamechanjwa, lakini surua ikiingia mtaani inawapata. Sindano ya miezi 18 ndiyo inayowafikia hao. Surua nayo huenea upesi mno, hata mtaa unahitaji watoto 95 kati ya 100 wawe wamepata zote mbili ndipo uzibe njia. Mtoto wako anaweza kuwa mmoja wa wale 15. Na anaweza pia kuwa jirani wa mmoja wao.

Kama binti yako ana miaka 10 hadi 14, mweke kwenye kalenda hiyo hiyo. Chanjo ya HPV, ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi, imekuwa kwenye ratiba tangu Oktoba 2019, nayo pia hailipiwi.

Usipoteze nauli bure

Kuna siku mama anaamka saa kumi na moja, anapanda boda, anapanga foleni, na akifika mbele anaambiwa arudi Alhamisi. Anarudi nyumbani amekasirika na bob 200 zimeenda. Ni vizuri ujue kinachosababisha hali hiyo, kwa sababu ukijua unaweza kuiepuka.

Chanjo ya BCG na ile ya surua huja kwenye chupa ndogo ya unga inayotosha watoto kadhaa. Nesi akishaichanganya na maji yake, ina saa sita tu za kutumika, baada ya hapo ni ya kutupwa. Kwa hivyo vituo vingi hungoja watoto wafike idadi fulani, au huweka siku maalum ya juma. Unaweza kubishana na utaratibu huo, na wapo wataalamu wanaosema chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Lakini kubishana hakutakurudishia nauli. Kupiga simu kutakurudishia. Ukiwa kliniki mara ya kwanza, omba nambari ya kituo au ya mhamasishaji wa afya wa mtaa wako, na jioni ya kuamkia siku yako uulize mambo mawili: kesho mnachanja surua? Chanjo ipo? Mwaka 2025 kulikuwa na kipindi ambacho BCG na matone ya polio vilipungua katika vituo vingi nchini. Simu ya shilingi tatu ni rahisi kuliko boda ya mia mbili.

Wahamasishaji hao, wengi huwaita CHP, watumie. Serikali ilizindua kikosi cha kama 100,000 Septemba 2023 na kuwapa mikoba ya vifaa, na kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba. Hulipwa na serikali ya kitaifa na kaunti. Wewe huna deni lao.

Jambo jingine linalopoteza safari ni mafua. Mtoto anapiga chafya, mama anaahirisha, wiki inakuwa mwezi. Mafua madogo au kikohozi chepesi si sababu ya kuacha chanjo. Mpeleke, nesi ataamua mwenyewe.

Na kama umechelewa tayari? Wapo akina mama wanaoogopa kwenda kwa kuwa watakemewa mbele ya wenzao, na tusijifanye kwamba haitokei. Nenda hata hivyo. Chanjo haianzwi upya kwa sababu ya kuchelewa. Nesi anaendelea pale ulipoachia. Chache tu ndizo zenye kikomo cha umri, na kadiri unavyongoja ndivyo unavyokikaribia. Fanya hivi: piga picha kurasa za chanjo na za uzito kwenye kitabu cha kliniki, uzihifadhi kwenye simu na umtumie mtu mwingine mmoja wa familia. Vitabu huloa, huungua, huachwa kwa matatu. Bila rekodi nesi hana namna ya kujua mtoto alipata nini, na shule ya chekechea nayo itakuja kukiuliza kitabu hicho hicho.

Mizani ina maneno yake

Tungeweza kuishia kwa sindano, lakini kuna kitu kwenye kliniki ambacho wazazi hukidharau, nacho ni mizani. “Nilienda akapimwa tu, hakudungwa,” mtu anasema, kama vile safari ilikuwa hasara.

Uzito wa mtoto huchorwa kwenye mstari ndani ya kitabu. Mstari ukipanda, sawa. Ukilala miezi miwili mfululizo, kuna jambo, na mara nyingi utaliona kwenye karatasi kabla hujaliona kwa macho, kwa sababu mtoto unayemwona kila siku huwezi kumwona akipungua. Pia kuna ule utepe wa kupima mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kijani ni sentimita 12.5 kwenda juu. Manjano ni kati ya 11.5 na 12.5, naye anahitaji kuangaliwa. Nyekundu ni chini ya 11.5, na huyo hatakiwi kurudishwa nyumbani bila matibabu. Nesi huangalia pia kama mtoto anakaa, anatambaa na kusema kulingana na umri wake, na kama kuna weupe kwenye mboni ya jicho. Ukiona weupe huo, hata kwenye picha ya simu yenye mwanga wa flashi, usingoje siku ya kliniki.

Kazi hii imezaa matunda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 26 mwaka 2014. Vifo vya watoto wa umri huo vilishuka kutoka 52 hadi 41 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Na watoto 80 kati ya 100 wa umri wa mwaka mmoja walikuwa wamekamilisha chanjo za msingi. Upande wa pili wa nambari hiyo ya mwisho ni kwamba katika kila nyumba tano zenye mtoto wa umri huo, moja ina safari ambayo haikufanyika.

Wanaoipenda pesa ya mtoto wako

Pahali penye mtoto na hofu, matapeli hawako mbali. Kuna njia tatu wanazozipenda.

Ya kwanza ni simu. “Mama Baraka, mtoto wako ameanguka shuleni, tuko hospitali, tuma 2,500 daktari aanze.” Nyuma unasikia mtoto akilia. Kata simu, halafu umpigie mwalimu au aliyebaki na mtoto kwa nambari uliyo nayo wewe, si ile iliyokupigia. Dakika mbili hazitamdhuru mtoto.

Ya pili ni SMS ya msaada: umechaguliwa kupokea pesa za lishe ya mtoto, jaza nambari ya kitambulisho na PIN yako uzipokee. Kupokea pesa hakuhitaji PIN, popote, kamwe. PIN ni ya kutoa. Anayekuomba PIN anataka kutoa. Sisi wenyewe hatutawahi kukuuliza, hata ukitupigia wewe.

Ya tatu ni ngumu kidogo, kwa sababu hutokea mlangoni pa kituo penyewe. Mtu anakuambia utume 100 kwa nambari yake “ya kitabu” au “ya kufungua faili”. Uliza ni malipo ya nini na risiti iko wapi. Kama kuna kitu halali cha kulipia, kinalipwa kwa nambari rasmi ya Paybill au Till, na kabla malipo hayajakamilika simu yako itakuonyesha jina la anayelipwa. Lisome jina hilo. Likiwa la kituo au la kaunti, endelea. Likiwa la mtu, simama hapo hapo na umuulize msimamizi wa kituo.

Kama tayari umetuma na umeshuku, usingoje kufika nyumbani. Piga nambari ya huduma kwa wateja, toa nambari ya muamala iliyo kwenye SMS ya uthibitisho, na uombe pesa zizuiwe. Zikiwa bado hazijatolewa kwa wakala, kuna uwezekano mkubwa wa kuzirudisha. Usiifute ile SMS.

Unaweza kuanza akiba ya kliniki leo kwenye menyu ya Akiba, hata kwa shilingi 50, na kuiwekea tarehe. Kama mtoto bado hajazaliwa, weka tarehe anayotarajiwa na uongeze wiki 6.